Mchoro wa mantiki ya mradi: mishale inayosahaulika kati ya visanduku

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na Machi mwaka huo ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, imefutwa. Tangu hapo, mashirika mengi yasiyo ya kiserikali ya Afrika Mashariki, yaliyozoea kupokea fedha kupitia mashirika makubwa ya kimataifa, yamejikuta yakiandika maombi yao yenyewe kwa wafadhili ambao hawajawahi kufanya nao kazi. Fomu za wafadhili hao hutofautiana kwa mengi, lakini nyingi hufika mahali zikadai kitu kimoja: mchoro wa ukurasa mmoja unaoonyesha jinsi fedha zitakazotolewa zitakavyozaa mabadiliko yaliyoahidiwa. Hapo ndipo waandishi wengi wa maandiko ya miradi hukwama. Wapo wanaonakili mchoro wa mradi wa zamani na kubadilisha majina ya wilaya, wapo wanaomlipa mshauri awajazie visanduku, na wapo wanaouchora usiku wa mwisho kabla dirisha la maombi halijafungwa, kwa imani kwamba ni pambo tu la kutimiza masharti ya fomu.

Imani hiyo ina gharama. Msomaji wa maombi katika ofisi ya mfadhili ana maandiko mengi mezani na muda mchache, na huutumia mchoro huu kupima jambo ambalo kurasa 20 za maelezo zinaweza kulificha: je, waombaji hawa wanajua kwa nini kazi yao italeta mabadiliko, au wanajua tu watafanya nini? Maswali hayo mawili hufanana kwa juu juu, na andiko lenye lugha nzuri linaweza kulijibu la pili kwa ufasaha mkubwa bila kuligusa la kwanza.

Sehemu tano za mchoro

Mchoro wa mantiki ya mradi ni maelezo mafupi yanayopanga safari ya mradi kuanzia kilichopo mkononi hadi mabadiliko yanayotarajiwa katika maisha ya watu, kila hatua ikiunganishwa na inayofuata kwa mshale. Kwa kawaida una sehemu tano. Nyenzo ni kila kinachoingizwa kwenye mradi: fedha, wafanyakazi, majengo, vifaa, ujuzi na hata uhusiano mzuri na halmashauri. Shughuli ni kazi zinazofanywa kwa kutumia nyenzo hizo. Mazao ni kile kinachohesabika moja kwa moja baada ya shughuli kufanyika, kama vile idadi ya walimu waliopata mafunzo au vitabu vilivyogawiwa. Matokeo ni mabadiliko yanayotokea kwa walengwa wenyewe, yaani katika ujuzi wao, mwenendo wao au hali zao. Mwisho kuna mabadiliko ya kudumu katika jamii, ambayo mradi huchangia lakini hauwezi kuyadai kuwa yake peke yake.

Mzazi anayemlipia mtoto tuisheni ya jioni huujua mchoro huu hata kama hajawahi kuuona kwenye karatasi. Ada na muda ni nyenzo, vipindi vya jioni ni shughuli, na daftari lililojaa mifano ya hesabu ni zao. Lakini mzazi makini haridhiki na daftari lililojaa: humpa mtoto swali jipya la sehemu, lisilokuwamo kwenye daftari, aone kama atalikokotoa bila msaada. Swali hilo jipya linapima matokeo. Kama mtoto hawezi, hakuna maana ya kumwambia mzazi kwamba vipindi vyote vilifundishwa na mahudhurio yalikuwa kamili.

Hata hivyo ripoti za miradi yetu zimejaa madaftari ya namna hiyo. "Walimu 60 wamejengewa uwezo" ni sentensi ya mazao iliyovalishwa nguo za matokeo. Tunachojua kwa hakika ni kwamba watu 60 walisaini karatasi za mahudhurio, walipokea vitini na posho, na wakapiga picha ya pamoja mbele ya bango la mradi. Kama uwezo wao umejengwa, hilo litaonekana darasani wiki kadhaa baadaye, pale ambapo mwalimu aliyezoea kuandika ubaoni na kuwaacha watoto wanakili ameanza kuwagawa katika makundi kwa kadiri ya viwango vyao vya kusoma. Njia rahisi ya kutenganisha zao na tokeo ni kuuliza kitenzi kinamhusu nani. Mwenye kutenda akiwa shirika (tumefundisha, tumegawa, tumejenga), hilo ni zao au shughuli. Akiwa mlengwa (anasoma, anahudhuria, ananawa mikono), hapo tumeanza kuzungumzia matokeo.

Bango kitita, nadharia ya mabadiliko na jamaa zake

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na wingi wa nyaraka zinazofanana. Mwaka 1969 USAID ilimtumia mshauri Leon Rosenberg na wenzake kutafuta kwa nini miradi yake ilikuwa migumu kutathmini. Miongoni mwa waliyoyakuta ni malengo yaliyoandikwa kwa ukungu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kama yamefikiwa, na wasimamizi wasiojua wanawajibika kwa lipi. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa jedwali la safu na nguzo ambalo hapa Tanzania wengi hulifahamu kwa jina la bango kitita, lenye malengo, viashiria (vipimo vya kuonyesha kama lengo limefikiwa), njia za kuthibitisha na dhana ambazo mradi umejengwa juu yake. USAID iliacha rasmi kuendesha misaada ya nje tarehe 1 Julai 2025, lakini jedwali lake bado linajazwa katika ofisi ambazo hazijawahi kupokea senti yake.

Mchoro wa mantiki ni jamaa wa karibu wa bango kitita, ila ni mwepesi zaidi, na umepata umaarufu katika mashirika ya hisani ya Marekani, hasa kupitia mwongozo wa W.K. Kellogg Foundation uliorekebishwa mwaka 2004. Nadharia ya mabadiliko, iliyoshika kasi katika miaka ya 1990, ni pana kuliko zote mbili, kwa kuwa hueleza jinsi mabadiliko yanavyotokea katika jamii kwa jumla, pamoja na mambo ambayo mradi wako hautayagusa kabisa. Kwa mwombaji wa ruzuku tofauti hizi si za kumnyima usingizi. Nadharia ya mabadiliko hujibu kwa nini jambo hutokea, mchoro wa mantiki huonyesha njia ambayo mradi huu mmoja utapita, na bango kitita huongeza namna ya kupima kila hatua. Mfadhili akitaja mojawapo, fuata muundo wa fomu yake. Fikra iliyo nyuma yake ni ileile.

Vitabu vya Busia

Watu wanapoujadili mchoro wa mantiki huzungumzia visanduku: hiki kiandikwe nini, kile kiwe na maneno mangapi. Mchoro, hata hivyo, hufa au hupona kwenye mishale, kwa sababu kila mshale ni dai kwamba jambo la kushoto litasababisha jambo la kulia. Kisanduku kinaweza kuwa kweli kabisa huku mshale unaotoka humo ukiwa uongo. Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa umechunguzwa kwa makini na umetokea karibu na nyumbani, ni wa vitabu vya kiada magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1996 shirika la Kiholanzi liitwalo ICS liligawa vitabu rasmi vya serikali kwa shule 25 kati ya shule 100 za msingi za vijijini zilizokuwa katika utafiti, kwenye wilaya za Busia na Teso. Upungufu ulikuwa wa kweli: watoto wengi walishirikiana kitabu kimoja, na wengine hawakuwa nacho kabisa. Kwa mtazamo wa kawaida, mradi huu hauhitaji maelezo. Mtoto hana kitabu, mpe kitabu, atajifunza zaidi. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walilinganisha shule zilizopata vitabu na zile ambazo hazikuwa zimepata, wakakuta kwamba kwa wastani alama za mitihani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa wakiongoza darasani.

Ukichora mradi huo kwenye karatasi utaona kwamba nyenzo zilipatikana, shughuli zilifanyika na mazao yalionekana kwa macho, maana vitabu vilifika mikononi mwa watoto. Mshale uliokatika ni ule unaotoka kwenye kitabu kilicho mkononi kwenda kwenye alama zilizopanda. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na vilifuata mtaala uliowalenga wanafunzi wenye uwezo mkubwa. Mtoto wa kawaida hakuweza kukisoma kitabu alichopewa.

Sisemi kwamba waliogawa vitabu walikuwa wazembe, kwani serikali na wafadhili wengi duniani wameamini mshale huohuo. Ninachosema ni kwamba juu ya mshale ule palihitajika sentensi moja: tunachukulia kwamba mwanafunzi wa kawaida anaweza kukisoma kitabu hiki na kukielewa. Sentensi hiyo ikishaandikwa inaweza kupimwa asubuhi moja. Mtu huingia katika darasa lolote, humwita mtoto wa katikati ya orodha ya matokeo, humfungulia ukurasa wa 10 na kumwomba asome aya moja. Gharama yake ni nauli.

Eneo hilohilo lina funzo la pili, ambalo waombaji wa ruzuku hulitumia vibaya mara kwa mara. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 za Busia zilihusika katika utafiti wa dawa za minyoo uliofanywa na Edward Miguel na Kremer, na katika ripoti yao ya mwaka 2004 walieleza kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo. Matokeo hayo yalizua mjadala mkali baadaye, lakini yametajwa katika maandiko yasiyohesabika ya miradi ya afya shuleni kama ushahidi kwamba dawa huinua ufaulu. Utafiti wenyewe haukusema hivyo: mahudhurio yalipanda, alama za mitihani hazikupanda. Yaani ushahidi ule unashikilia mshale wa kwanza, kutoka dawa hadi mahudhurio, na haushikilii wa pili, kutoka mahudhurio hadi kujifunza. Anayenukuu utafiti kwenye andiko lake anapaswa kujua ni mshale gani unaosimamiwa na utafiti huo, kwa sababu msomaji wa upande wa pili huenda anajua.

Tanzania nayo ina mfano wake. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10. Shule za kundi la kwanza zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, za kundi la pili walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtihani wa stadi za msingi ambao mwanafunzi wao wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu angeufaulu, za kundi la tatu zilipata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata chochote. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Vyote viwili vilipotolewa kwa pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena kwa tofauti iliyozidi jumla ya athari za kila kimoja. Kwa lugha ya mchoro wetu, nyenzo zilikuwa zilezile, lakini mshale ulihitaji kushikiliwa na kitu cha pili. Anayeandika kwamba fedha za vifaa zitaboresha elimu, akaishia hapo, ameacha nje ya karatasi sehemu iliyofanya kazi.

Kuanza na mwisho

Sasa tuujenge mchoro mmoja. Tuchukue shirika dogo la mfano, lenye wafanyakazi wanne, linalotaka kuomba shilingi milioni 60 kwa miaka miwili ili kufanya kazi katika shule 10 za msingi wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Tatizo wanalolijua ni kwamba watoto wengi wanafika Darasa la Tatu bila kumudu stadi za kusoma.

Kosa la kawaida ni kuanza kushoto, kwenye nyenzo na shughuli, kwa sababu huko ndiko shirika linakojisikia nyumbani. Tunajua kuendesha warsha, basi tutaendesha warsha. Kisha tunatafuta matokeo yanayoweza kubandikwa mwishoni mwake. Wenye uzoefu huanza kulia. Baada ya miaka miwili tunataka kuona nini, kwa nani, kwa kipimo gani? Jibu la "kuboresha elimu Kilosa" halifai, kwani haliwezi kukataliwa wala kuthibitishwa. Jibu linalofaa ni kama hili: wanafunzi wa Darasa la Tatu katika shule 10 wanasoma na kuelewa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Kipimo cha namna hiyo si kigeni. Tathmini za Uwezo, mpango wa kupima stadi za msingi za watoto, zilizofanyika Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiwapima watoto majumbani kwa majaribio ya kiwango hichohicho, na mtu hahitaji shahada ya takwimu ili kuelewa tofauti ya mtoto anayeishia kwenye silabi na yule anayemaliza hadithi.

Kutoka hapo wanarudi nyuma hatua moja kwa swali: ni nini lazima kiwe kimebadilika kabla watoto hawajaweza kusoma hadithi hiyo? Labda walimu wafundishe kwa kufuata kiwango cha kila mtoto badala ya kufuata ukurasa wa kitabu. Labda watoto wapate vitabu vya hadithi vya kusoma nje ya kipindi. Labda wahudhurie shule siku za kutosha. Hayo ni matokeo ya awali, na kila moja linahusu watu wengine wanaotenda tofauti. Wanarudi nyuma tena: ni nini kitakachomfanya mwalimu abadili namna ya kufundisha? Mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa mji mdogo hayatoshi, na mwalimu yeyote atakuambia hivyo ukimuuliza bila kumpa bahasha. Huenda anahitaji kutembelewa darasani kila mwezi na mtu anayejua kazi hiyo. Ghafla shughuli kuu ya mradi imehama kutoka warsha kwenda ziara za darasani, bajeti ya ukumbi na chakula imepungua, na bajeti ya pikipiki na mafuta imeongezeka. Mchoro uliochorwa kutoka kulia umeubadilisha mradi kabla haujaanza, na hiyo ndiyo faida yake ya kwanza, hata kama mfadhili hatatoa chochote.

Baada ya visanduku kukaa mahali pake, kazi inahamia kwenye mishale. Kwa kila mmoja waandishi wanajiuliza: hili litasababisha lile ikiwa nini ni kweli? Ziara za kila mwezi zitabadili ufundishaji ikiwa mwalimu aliyeandaliwa atabaki shuleni, na uhamisho wa walimu ni jambo la kila mwaka. Vitabu vya hadithi vitasomwa ikiwa mwalimu mkuu hatavifungia kabatini kwa kuogopa kudaiwa vikipotea, jambo ambalo aliyetembelea shule zetu za msingi amelishuhudia. Watoto watahudhuria ikiwa familia hazihami, na Kilosa kuna jamii za wafugaji ambazo huhamisha mifugo wakati wa kiangazi. Mtoto ataelewa hadithi ya Kiswahili ikiwa Kiswahili anakijua. Katika vijiji vingi mtoto wa miaka saba anakijua vizuri, lakini yule anayetoka boma la Wamaasai huenda amekisikia kwa wingi mara ya kwanza siku alipoandikishwa shule.

Dhana hizi hazina uzito sawa, na kuziorodhesha zote kwa herufi ndogo chini ya ukurasa hakusaidii. Ile ambayo ina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli inaweza kuachwa bila maelezo. Ile yenye mashaka, lakini shirika lina uwezo wa kuigusa, igeuzwe kuwa shughuli: kwa vitabu vya kabatini, makubaliano ya maandishi na mwalimu mkuu kabla ya kugawa, yanayosema kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakidaiwi; kwa uhamisho, kuwaandaa walimu wawili kila darasa badala ya mmoja, pamoja na Ofisa Elimu Kata. Na ile ambayo ni wazi kwamba haitakuwa kweli, wala shirika halina la kuifanya, inadai uamuzi mgumu zaidi: kubadili eneo, kubadili walengwa, au kupunguza ahadi. Kama theluthi ya watoto wa shule fulani huondoka na mifugo kila Julai, basi lengo la shule hiyo lisiwe sawa na la shule ya jirani.

Yanayosemwa kwenye warsha

Husemwa kwamba mchoro wenye ahadi kubwa ndio unaoshinda. Shirika la watu wanne linaloandika kwamba ndani ya miezi 24 litatokomeza umaskini mkoani linamwonyesha mfadhili kuwa halijafanya hesabu. Mwongozo wa Kellogg uliotajwa hapo juu unakadiria kwamba matokeo ya muda mfupi hupatikana ndani ya mwaka 1 hadi 3, ya muda mrefu zaidi miaka 4 hadi 6, na mabadiliko ya kudumu miaka 7 hadi 10. Makadirio hayo si sheria, lakini yanatosha kuonyesha kwamba ruzuku ya miaka miwili haiwezi kubeba kisanduku cha mwisho. Andika kisanduku hicho, kwa sababu kinaeleza mnaelekea wapi, ila weka mstari wazi kati ya kile mtakachowajibika nacho na kile mnachochangia.

Husemwa pia kwamba kila kisanduku kinahitaji kiashiria. Viashiria vina gharama, na shirika dogo lenye viashiria 25 litaishia kukusanya takwimu ambazo hakuna atakayezisoma. Kwa mradi wetu wa Kilosa viwili au vitatu vinatosha, ilimradi kimoja kiwe cha uwezo wa mtoto kusoma na kingine cha mwenendo wa mwalimu darasani. Muhimu zaidi ni kwamba kipimo cha awali kifanyike kabla ya kazi kuanza na kiwekewe fedha kwenye bajeti. Bila hicho, asilimia 50 ya watoto wakisoma hadithi mwishoni mwa mradi, hatutajua kama ni ushindi, ni hali ileile ya mwanzo, au ni kuporomoka.

Na kuna wanaoamini kwamba mchoro na bajeti ni nyaraka za watu wawili tofauti, huu wa ofisa miradi na ile ya mhasibu. Msomaji makini huziweka ubavu kwa ubavu. Shughuli iliyomo kwenye mchoro na haina mstari kwenye bajeti haitafanyika; mstari wa bajeti usio na kisanduku kwenye mchoro unazua swali, hasa ukiwa ni wa gari. Zoezi la kupitisha kalamu kutoka mstari mmoja wa bajeti hadi kisanduku chake huchukua chini ya saa moja, na sijui zoezi jingine linaloliokolea andiko aibu nyingi kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Linabaki swali la nani auchore mchoro huu. Mshauri wa kulipwa anaweza kusaidia kuupanga, lakini hajui kwamba vitabu hufungiwa kabatini wala kwamba shule fulani hubaki nusu tupu wakati wa kiangazi. Wanaojua hayo ni walimu, Ofisa Elimu Kata na wazazi, na nusu siku pamoja nao, kwa karatasi kubwa ukutani na kila mshale ukisomwa kwa sauti ili mtu yeyote auzuie, huibua dhana ambazo ofisi ya mjini isingezifikiria. Waombaji wengi hudhani kuwa kukiri mashaka hayo kwenye andiko kutawapunguzia alama. Ni kweli kwamba wapo wafadhili wanaopenda kusikia uhakika tu. Lakini ruzuku ikishatolewa, shirika lililoandika tangu mwanzo kwamba mradi unategemea walimu kutohamishwa lina mahali pa kusimama pale walimu sita wanapohamishwa katikati ya mwaka: linaandika barua kwa mfadhili mwezi huohuo, linataja dhana iliyovunjika na ukurasa ilipo, na linaomba kibali cha kuhamishia sehemu ya fedha kwenye mafunzo ya walimu waliofika. Shirika ambalo halikuandika lolote litalazimika kulieleza jambo hilohilo kwenye ripoti ya mwisho, likiwa limeshachelewa, katika safu iliyoandikwa "changamoto".